Kutoka Adumi Kumtafuta Muuaji wa Minazi

Adumi, kwetu West Nile kaskazini-magharibi mwa Uganda, hatuna minazi. Tuna mihogo, tuna maharage na simsim, tuna tumbaku, na msimu wa maembe watoto hushiba njiani kabla hawajafika nyumbani kutoka shuleni. Ukiteremka upande wa Mto Nile, kule Rhino Camp, utakutana na mivumo iliyonyooka. Lakini mnazi wenyewe, wa kukwewa na kukunwa, wengi wetu tumeuona kwenye kalenda tu. Ndiyo sababu nilipowaambia wenzangu wa kikundi cha wakulima kwamba nakwenda pwani ya Tanzania kuona minazi inavyokufa, mmoja wao aliuliza, na alikuwa na haki, kama isingefaa kwanza nikaione inavyoishi.

Aliyeniita ni shangazi. Mwaka 1979 majeshi ya Tanzania yalipofika Arua na vita vya kumwondoa Idi Amin vikamalizika, askari mmoja kijana, kwao Mkuranga, alimwona dada yake baba sokoni na mambo yakawa hayo. Mwaka 1981 askari waliporudishwa kwao, shangazi akaondoka naye. Zikawa barua, kisha simu. Kwa muda mrefu simu zake zilikuwa za kuulizana hali, halafu zikaanza kuwa za minazi. "Umekatika kichwa mwingine," angesema kwa Kilugbara chake cha zamani, nami nikimpa pole ya msiba wa mti nisiowahi kuugusa.

Kwa nini mimi, kati ya watoto wote wa kaka zake? Kwa sababu ya mihogo. Ninatunza kitalu cha mihogo safi cha kikundi chetu, na mara kwa mara hubeba majani yenye kutia shaka kuyapeleka kituo cha utafiti cha Abi, hapo Arua. Shangazi alikwisha amua kwamba mtu anayepeleka majani hospitali hashindwi na mnazi.

Hakukosea sana. Sisi wa West Nile tulijifunza kwa njaa kwamba ugonjwa unaoonekana mmoja unaweza kuwa na mwenyewe mwingine. Miaka ya 1990 batobato kali iliifagia mihogo ya Uganda wilaya baada ya wilaya. Majani yalijikunja vile vile yalivyozoea kujikunja, ila safari hii mashamba hayakuinuka. Mwaka 1997 wanasayansi waliosoma vinasaba vya kirusi hicho walitangaza kwamba si kile cha zamani: virusi viwili vya muhogo vilikuwa vimeunganisha vipande vyao na kuzaa cha tatu, kikali zaidi. Kwa macho usingejua. Tangu hapo mimi ni muumini wa maabara, ingawa muumini mwenye maswali mengi.

Kutoka Adumi hadi mjini Arua ni bodaboda na vumbi jekundu. Kutoka Arua ni basi la usiku. Jirani yangu kitini alikuwa mama mfanyabiashara wa Koboko, Mkakwa, aliyeijua njia kiasi kwamba alilala kabla ya Nebbi na kuamka mwenyewe penye daraja la Pakwach, akanunua samaki dirishani, akalala tena. Karuma tulipita gizani. Kampala, mwendo wa kilomita zipatazo 500, tuliingia kukipambazuka. Kampala, Busia na Nairobi nazipitia haraka, maana stendi za mabasi zinafanana popote na kila mtu anataka kukubebea mzigo. Kiswahili changu cha mpakani, nilichokiokota soko la Ariwara upande wa Kongo na kukisafisha kwa redio, kilinifikisha salama, ingawa tangu Voi watu walianza kutabasamu kila nikifungua mdomo.

Baada ya Voi barabara hushuka pole pole. Mariakani hewa inabadilika, shati linakunatia mgongoni, na Mazeras, nyuma ya duka la vipuri vya malori, nikauona mnazi wangu wa kwanza. Nilitazamia kitu cha fahari. Ulikuwa umepinda, umejaa vumbi, na mtu alikuwa ameupigilia kibao cha kutangaza maji ya tangi. Lakini juu kabisa madafu yalikuwa yamesongamana, na makuti yakicheza upepo ambao sisi wa chini hatukuupata.

Kuanzia Likoni kwenda kusini, Ukunda, Msambweni, minazi ikawa mingi hata nikaacha kuishangaa. Kisha nikaona gogo. Refu, la kijivu, limesimama wima, juu halina kitu. Mbele kidogo mawili, halafu matano kwa mpigo. Niliuliza kwa sauti limepatwa na nini, na matatu nzima ikageuka baraza. Mzee mwenye kofia alisema ni radi. Mama aliyepakata mtoto alisema ni chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele. Kijana wa kiti cha nyuma akasema ni kiangazi. Kondakta, aliyekuwa amening'inia mlangoni, akakata shauri kwamba ni kijicho cha majirani. Kijicho nimuachie mwenyewe. Lakini radi huua minazi kweli, chonga huua kweli, na ukame huua kweli. Mti ukishabaki gogo, ushahidi umekwenda na kichwa. Pwani hiyo ina muuaji wa nne ambaye hakutajwa na mtu ndani ya gari lile, naye ndiye niliyemfuata.

Lunga Lunga nikagongewa muhuri, Horohoro nikagongewa mwingine, nikalala Tanga, na kesho yake Muheza, Segera, Chalinze, Dar es Salaam, Mbagala, mpaka Mkuranga.

Shangazi alinipokea kwa Kilugbara chenye mahadhi ya pwani, akanikalisha, akanipa mihogo iliyopikwa kwa tui zito. Muhogo naujua tangu kuzaliwa. Kwetu tunaumenya, tunauanika juu ya miamba, tunausaga na kusonga enyasa, ugali wetu. Sikujua unaweza kufanyiwa adabu ya namna ile. "Nazi ya sokoni hiyo," alisema, na hakuisema kwa furaha. Nyumba ile ilikuwa ikiuza nazi, sasa inanunua. Mumewe, ambaye mimi namwita Mzee na yeye ananiita mwanangu, alinitembeza shambani jioni ile ile. Magogo yalisimama katikati ya mikorosho na minanasi. Baadhi yalikwisha pasuliwa mbao.

Mzee hana haja na wataalamu. "Daktari wa mnazi ni mkwezi," aliniambia, akamwita mkwezi wake, mtu mkimya mwenye nyayo ngumu, ambaye amekuwa akikwea minazi ya kijiji kile tangu ujana. Nilimsikiliza kwa muda mrefu. Mnazi ukianza kuumwa, alisema, hauonyeshi kwenye majani. Kwanza unamwaga matunda, na unayamwaga bila kuchagua: vidaka, vitale, madafu, makoroma, vyote chini, na pale tunda liliposhikana na kikonyo utakuta pamegeuka rangi ya kahawia. Halafu ukipanda ukapasua karara changa, maua ya ndani, yanayopaswa kuwa meupe ya maziwa, utayakuta yameungua meusi. Ndipo makuti ya chini yanageuka manjano, rangi inapanda ngazi kwa ngazi, makuti yanakauka na kuning'inia. Mwisho kilele kinaoza, kinanuka, unakivuta kwa mkono kinatoka. Kutoka matunda ya kwanza kuanguka mpaka kichwa kudondoka ni miezi mitatu, minne, sita ukibahatika.

Nilivisoma vitabu vya magonjwa ya mimea baadaye na sikukuta mpangilio wa dalili ulioelezwa vizuri kuliko ule. Ila daktari huyu ana tatizo moja, na mwenyewe alilikiri: dalili ya kwanza, ile ya kumwaga matunda, si ya ugonjwa huu peke yake. Pwani kuna kunguni wa minazi anayefyonza vidaka vikaanguka vingi. Dawa yake ya kienyeji, tena nzuri, ni siafu wa mitini waitwao maji moto, ambao humwinda kunguni huyo. Kiangazi nacho huangusha vidaka. Kwa hiyo mkulima akiona matunda chini ana mawazo matatu, na kila wazo lina dawa yake. Mnazi wa kunguni utapona ukipelekewa maji moto. Wa kiangazi utapona mvua ikinyesha. Wa ugonjwa wenyewe hauponi, na kila siku unaposimama unawalisha wadudu wanaoshukiwa kuupeleka kwa jirani. Kungoja mpaka makuti yageuke manjano ndipo ujue ni upi, ni kuchelewa.

Hapo ndipo maabara inapoingia. Siku iliyofuata alikuja fundi kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye keekee na taa ya spiriti. Alitoboa shina usawa wa kifua, akakinga unga wa mbao kwenye mfuko safi, akaziba tundu, akaunguza ncha ya keekee kwenye moto kabla ya kwenda mti mwingine. Alichukua mnazi unaomwaga matunda, akachukua jirani yake uliokuwa mzima machoni, kisha Mzee akamwelekeza kwenye mnazi mmoja mrefu uliosimama peke yake, kijani tupu, katikati ya magogo. "Huu umewazika wenzake wote," alisema. Kijana akautoboa nao. Mzee alitazama pembeni alipotobolewa.

Kwa nini shina? Kwa sababu muuaji anaishi ndani ya mirija inayosafirisha chakula cha mti, katika utomvu ule ule mtamu ambao mgema hukinga ukawa tembo. Ni bakteria, lakini wa ajabu: hana ukuta wa nje kama bakteria wengine, ni mdogo mno, na amezoea kulishwa na mti kiasi kwamba akitolewa humo hufa. Huwezi kumfuga kwenye kisahani cha maabara ukamtazama akiongezeka, jinsi daktari wa binadamu anavyofanya na vijidudu vya kidonda. Wataalamu humwita fitoplazma. Kundi hili la viumbe lilionekana kwa mara ya kwanza Japani mwaka 1967, Doi na wenzake walipotazama kwa hadubini ya elektroni miforosadi iliyodumaa. Mwaka 1972 wakaonekana katika minazi ya Jamaika, na mwaka 1982 ikatangazwa kwamba wameonekana katika minazi ya Tanzania pia.

Lakini hadubini, hata ile kali kabisa, inaona viduara visivyo na umbo maalumu. Vya Jamaika ni viduara, vya Ghana ni viduara, vya Bagamoyo ni viduara. Minazi ya kote huko ilikufa kwa namna moja, na kwa miaka mingi watu wenye akili zao walidhani ni ugonjwa mmoja uliozunguka dunia.

Nilikwenda na kijana yule hadi Mikocheni. Kituo chao cha utafiti kipo Barabara ya Coca-Cola, na nje yake huwezi kudhani kwamba humo ndani kumefanyika kazi kubwa zaidi ya minazi kuliko mahali pengine popote Afrika Mashariki. Kilianza na Mradi wa Taifa wa Kuendeleza Minazi wa mwaka 1979, kwa msaada wa Ujerumani. Mwaka 1996 kikawa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Mikocheni, na leo ni tawi la TARI, Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania. Nilitarajia ukimya wa maktaba. Maabara ina kelele: majokofu yanaunguruma, viyoyozi vinadondosha maji, mashine za kuzungusha vichupa zinavuma.

Unga wa shina husagwa ukiwa umegandishwa, ukachanganywa na sabuni maalumu ya moto, kisha klorofomu, ukazungushwa, mpaka vinasaba vikabaki chini ya kichupa kama utando mdogo mweupe. Karibu vyote ni vya mnazi wenyewe. Vya bakteria ni chembe chache zilizopotea humo. Kazi inayofuata ni kuzizidisha hizo chache na kuviacha vingine vyote. Njia ni PCR, ile ile ya vipimo vya korona iliyowaweka madereva wa malori kwenye foleni Malaba mwaka 2020. Kichupa kinapashwa moto karibu nyuzi 95, kinapoozwa, kinapashwa tena, na kila mzunguko kipande kinachotafutwa kinakuwa viwili. Mizunguko 30 inatosha, kwa hesabu, kukifanya kimoja kuwa zaidi ya bilioni. Kwa fitoplazma, ambaye ni haba sana shinani, mara nyingi kazi inarudiwa awamu ya pili juu ya mazao ya awamu ya kwanza.

Kipande kinachotafutwa ni cha jeni iitwayo 16S, ambayo kila bakteria anayo. Carl Woese wa Marekani aliitumia mwaka 1977 kupanga upya mti mzima wa uhai. Mama mtaalamu aliyenipokea alinieleza mara mbili na sikumwelewa, mpaka nilipojieleza mwenyewe kwa mambo ya kwetu: jeni hiyo ina sehemu zisizobadilika, ambazo ni kama jina la ukoo, Walugbara wa ukoo mmoja wanalo wote, na ina sehemu zinazobadilika, ambazo ni jina la nyumba. Unamnasa bakteria kwa jina la ukoo, kisha unasoma jina la nyumba ujue ni wa wapi. Mama akacheka, akasema hiyo ataitumia.

Kusoma huko kulianza kwa bidii miaka ya 1990. Anatolia Mpunami wa Mikocheni, pamoja na wenzake wa Uingereza, Tymon, Jones na Dickinson, walichapisha mwaka 1999 uchunguzi wa vinasaba vya fitoplazma wa minazi ya Afrika Mashariki. Wa Kenya na wa Tanzania walikuwa mmoja. Wa Msumbiji alikuwa mwingine, na ndugu yake hakuwa Mtanzania wa jirani bali yule anayeua minazi ya Ghana, upande wa pili wa bara. Na hao wote wawili si yule wa Jamaika na Florida. Huyu wa Kenya na Tanzania amepewa jina la muda, Candidatus Phytoplasma cocostanzaniae, na katika madaftari ya vikundi anaandikwa 16SrIV-C.

Niliposikia hayo nilikumbuka mihuri yangu miwili. Lunga Lunga na Horohoro walinihoji natoka wapi na nakwenda wapi, na bakteria yule yuko pande zote mbili bila kuulizwa.

Mtu anaweza kusema: jina la nini, mnazi si umekufa? Jamaika ina jibu la sehemu. Huko waliiacha minazi yao mirefu iliyokuwa ikifa, wakapanda mifupi ya Kimalaya na chotara aitwaye Maypan, na kwa miaka walidhani wamepona. Miaka ya 1990 nayo ikaanza kufa kwa wingi. Tanzania ilileta minazi ya kigeni na machotara iliyosifiwa kwingineko, ikaipanda kwenye majaribio palipo na ugonjwa, na mingi ikaanguka, huku baadhi ya mirefu ya asili ya Afrika Mashariki ikivumilia zaidi. Sasa tunajua kwamba sifa iliyopatikana mbele ya adui mmoja si dhamana mbele ya adui mwingine. Laiti vinasaba vingesomwa kwanza na miche ikanunuliwa baadaye! Lakini mbinu zenyewe hazikuwepo mradi ulipoanza, kwa hiyo sitamlaumu mtu.

Vinasaba hivyo hivyo vilitumika kuwatafuta wasafirishaji. Wadudu walikusanywa kwenye makuti ya minazi migonjwa, wakapitishwa kwenye PCR mmoja mmoja kwa aina zao, na katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 alama ya fitoplazma ilipatikana ndani ya aina mbili za wadudu wadogo wafyonzaji. Mmoja ni wa jenasi ya Meenoplus. Mwingine anaitwa Diastrombus mkurangai. Kukutwa na mzigo si ushahidi kamili wa kuupeleka, na watafiti wenyewe waliandika kwa tahadhari hiyo. Nilipomsimulia Mzee, hakujali tahadhari. "Wilaya nzima," alisema, "jina letu wamempa mdudu!" Akarudia kwa mkwezi, akarudia kwa muuza duka, na hadi naondoka Mkuranga lilikuwa jambo moja kutoka maabara ambalo kijiji kizima kilikuwa kimelielewa.

Hilo lilinikera kidogo, si kwa Mzee bali kwa sisi tunaobeba habari. Mkwezi yule, mwenye macho makali kuliko hadubini, alikuwa amekaa miaka zaidi ya 20 tangu jina la muuaji lichapishwe bila kulisikia. Wala hakujua kwamba kuna wadudu wanaoshukiwa. Watafiti wa Mikocheni wamekadiria kwamba tangu miaka ya 1960 ugonjwa umeua minazi ipatayo milioni 8 Tanzania. Hesabu ya namna hiyo ilistahili kufika kwa mkwezi kwanza.

Dawa je? Ipo, kwa namna fulani. Kwa kuwa bakteria huyu hana ukuta, penisilini, ambayo hushambulia ukuta, haimgusi, lakini tetrasaiklini humzuia. Florida wenye bustani za hoteli huchoma minazi yao sindano ya dawa hiyo shinani kila baada ya miezi minne hivi, na mti unaendelea kupendeza ilimradi sindano isikatike. Nilimweleza shangazi. Aliuliza mnazi mmoja unazaa nazi ngapi kwa miezi minne na sindano ni bei gani, kisha akaendelea kukuna nazi. Hakuna mtaalamu aliyejibu hoja ile vizuri zaidi.

Kabla ya kuondoka Mikocheni niliuliza pia habari za mivumo yetu ya Nile, kwa sababu kwetu ndiyo inayotoa mbao na matunda kandokando ya mto. Nilijibiwa kwamba ugonjwa wa upande wa Florida umekwisha ua zaidi ya aina 30 za miti ya jamii ya minazi na mitende, na katika orodha hiyo umo mvumo wa Asia, binamu wa huu wa kwetu. Nimerudi nyumbani na nikienda Rhino Camp sasa natazama juu.

Majibu ya shamba la shangazi yalikuja kwa simu nikiwa nimekwisha fika Adumi. Mnazi uliomwaga matunda ulikuwa na alama ya fitoplazma. Jirani yake, uliokuwa mzima machoni, nao ulikuwa nayo. Mzee aliukata siku ile ile na kuuchoma kichwa, jambo ambalo bila majibu yale asingelifanya hata ungemlipa. Ule uliosimama peke yake haukuwa na kitu. Fundi alionya kwamba bakteria huyu hatawanyiki sawasawa ndani ya mti, kwa hiyo sampuli moja safi haitoshi. Utatobolewa tena, juu zaidi, na tena msimu ujao. Ukizidi kuwa safi huku umezungukwa na ugonjwa miaka yote hiyo, basi mbegu zake zina thamani kuliko mche wowote wa kununua, maana umefaulu mtihani mbele ya adui halisi wa mahali pale.

Wewe msomaji wa Mkuranga, Kilwa, Lindi, Bagamoyo au Kwale, kama shambani kwako kuna mnazi uliobaki hai katikati ya magogo, usiuze mbao zake na usiache mtu aufyeke kwa kusafisha shamba. Uwekee alama, uchume nazi zake za mbegu uzitenge, usilete miche kutoka mahali unapofahamu minazi inakufa, na umwambie afisa ugani awaite watu wenye keekee. Mnazi wa jirani unaomwaga vidaka uchunguzwe kabla haujageuka manjano.